Baba Edina, Hotipoti Yako Tuliifungua Mapema

Mwaka umetimia, Baba Edina, tangu tulipokurudisha Hombolo na kukulaza karibu na baba yako. Ilikuwa tarehe 14 Aprili. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha, na waliochimba walisema ardhi haikuwasumbua. Hata siku hiyo hukutaka kumsumbua mtu.

Tunakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu ndivyo familia nyingine zinavyofanya, na pia kwa sababu lipo neno moja ambalo mimi mkeo, Zipora, sikukuambia ulipokuwa hai. Nimewaomba wanao waniachie kalamu. Wamekubali, ila Edina ameniomba nisikuseme sana.

Kwa wasiokujua, wewe Stanley Matonya ulikuwa karani wa masijala serikalini kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna jalada lililopotea mikononi mwako. Mzee akitoka kijijini kufuatilia mafao yake, ulimpisha kwenye kiti chako, ukamuuliza kwanza habari za mvua kwao, ndipo ukaenda kutafuta jalada. Wenzako wakakuita Bwana Mvua. Wapo wazee ambao bado wanapita ofisini kukuulizia, na kila anayeulizia anapewa kiti.

Masijala ukaihamishia na nyumbani. Kila kopo jikoni ulilibandika karatasi: "Chumvi, imefunguliwa tarehe 3." "Karanga za mbegu, zisikaangwe." Petro alipokuwa mdogo aliamka asubuhi moja akakuta umembandika kifuani: "Hajaoga tangu juzi." Makopo yapo vilevile ulivyoyaacha. Chumvi imeshakwisha na kununuliwa mara nyingi, lakini tarehe ni ileile.

Ulipofika miaka arobaini na sita ukaanza mambo ya michezo. Wanaume wengine umri huo huanza mambo mengine, kwa hiyo sikulalamika sana. Habibu, fundi baiskeli wa Majengo, Mnyamwezi na mtani wako, alikuundia baiskeli kwa kuunganisha tatu zilizokufa. Wambura wa ofisini kwenu, aliyekulia ukingoni mwa ziwa huko Mara, akakufundisha kuogelea katika bwawa la Hombolo, amekushika tumbo kama mtoto anayeogeshwa. Sisi Wagogo maji tunayajua ya kunywa, na hayo nayo ni kwa kuyatafuta. Kila Jumamosi ulirudi macho mekundu na mimi nikakuimbia wimbo wa kichocho. Ulinijibu, "Mama Edina, nikifa na kichocho andika kwenye kopo." Nilikukasirikia kwa maneno hayo. Leo ningetoa nini niyasikie tena!

Kisha ukaja na habari ya mashindano. Mtu mmoja, siku moja, aogelee karibu kilomita mbili, aendeshe baiskeli kilomita tisini, halafu akimbie ishirini na moja, yote yawe yamekwisha saa tisa na nusu alasiri. Nikakuuliza, "Kwani mnafukuzwa na nani?" Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Siku yenyewe ilikuwa Juni ya mwaka juzi, ule upepo wa baridi unaopasua midomo. Nilikupikia ugali wa uwele, mlenda na kuku wa kienyeji, nikafunga katika hotipoti ya kijani. Kabla hatujatoka ulichukua kalamu, ukabandika karatasi juu ya mfuniko: "Ifunguliwe nikishamaliza. S.M." Tukaenda Hombolo kwa gari la kanisa, majirani na wanakwaya pamoja.

Ulitoka majini miongoni mwa wa mwisho, ukatupungia mkono. Edina na Petro walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Mimi niliangalia pembeni, kwa sababu ile kaptura ilikuwa imekubana na mke wa mchungaji alikuwa amekaa karibu yangu. Ndiyo mara ya mwisho nilipokuona siku hiyo hadi jioni.

Baiskeli zote zilitakiwa ziwe zimerudi saa sita na nusu. Tulikuwa tumekaa upande wa pili, kwenye utepe wa kumalizia, tukisubiri. Saa saba kasoro ikasikika sauti kwenye spika: "Namba sitini na moja amechelewa, ameondolewa mashindanoni." Namba sitini na moja ulikuwa wewe. Nyuma yangu mtu akacheka, na mwingine akasema, "Uzee nao." Nikaona aibu, Baba Edina. Sitaificha. Nilijiambia lile gari linalookota walioshindwa litakuleta nyumbani, basi nikaifungua hotipoti, nikawagawia watoto na majirani, tukala tukamaliza. Gari la kanisa lilipowashwa, tukapanda tukarudi nyumbani kwetu Ihumwa.

Ulifika nyumbani saa moja kasoro jioni. Nilidhani ulikuwa umekaa mahali na wenzako mkifarijiana. Ulisimama mlangoni, umeshika fremu kwa mikono miwili, ukasema, "Mama Edina, nimefika."

Nami nikakujibu, "Umefika wapi na wewe, wakati wenzako wote wamesharudi?"

Ulitabasamu kidogo. Uliuliza chakula, nikakuambia kuku amekwisha, kuna chai na mihogo. Ulikunywa chai. Kisha ukaichukua ile hotipoti, ukaiosha mwenyewe bila kuilowesha karatasi, ukairudisha kabatini. Sikukupa hata pole. Pole tunampa aliyetoka kisimani, tunampa wa bodaboda aliyetuletea gunia, tunampa hata tusiyemjua akijikwaa njiani. Mume wangu aliingia mlangoni na siku nzima mwilini, nikamnyima.

Januari ukaanza kupungua. Madaktari walituambia wazi kwamba ni uvimbe kwenye ini na kwamba bwawa halihusiki, ingawa mimi nilikuwa nimeshalilaumu bwawa. Ulikuwa umeshajiandikisha tena kwa Juni. Jioni moja wodini, umebaki mifupa na yale macho yako ya utani, ukaniuliza, "Mwaka huu utanisubiri?"

Nikakujibu, "Wewe pona kwanza, habari za kusubiri baadaye."

Nilidhani nakutia moyo. Kumbe ulikuwa unaniomba kitu kimoja tu, na mimi nikakiahirisha.

Msibani watani walikuja, kama ada inavyotaka. Habibu ndiye aliyewaongoza. Alivaa kofia yako ya kuogelea na ile miwani ya majini juu ya kanzu, akapiga mbizi kwenye vumbi la uwanja wetu, akainuka, akazunguka nyumba kwa baiskeli isiyokuwepo, akihema. Waombolezaji wakaanza kucheka. Alipofika walipokaa akina mama akafunga breki mbele ya mama yangu, akateremka, akachuchumaa akijisitiri mapaja kwa sinia la mtu.

"Shikamoo, mkwe! Habari za nyumbani? Mbuzi hawajambo? Na mvua je, mwaka huu mlipata?"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje ya turubai. Mama yangu, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akasema, "Ni kweli. Mimi nilisimama barabarani nimwone akipita. Akateremka, akanisalimia yote. Nikamwambia, mwanangu nenda, unachelewa. Akasema, mama, mkwe hapitwi kwa baiskeli."

Ndipo nikajua dakika zako zilikwenda wapi, Baba Edina. Wewe ulichelewa kwa sababu ya heshima kwa mama yangu, na mimi binti yake ndiye niliyekuonea aibu.

Lakini Habibu alikuwa hajamaliza. Alimwendea kaka yako Abeli, akamgeuza msimamizi wa mashindano, akamnyooshea kifua. "Namba umechukua, mzee. Miguu nayo unaichukua?" Akaanza kukimbia. Alizunguka uwanja polepole, akichechemea, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika kwenye lango la miti, akasimama, akavua miwani, akaangalia kushoto na kulia.

"Jamani, hakuna mtu? Nimemaliza ishirini na moja zote. Hakuna hata wa kunipa maji?"

Wengine waliendelea kucheka. Mimi niliinuka, nikamfuata langoni, nikamuuliza anamaanisha nini.

"Shemeji, alikimbia yote," akasema, sasa bila mzaha. "Walimvua namba, akakimbia. Alipofika walikuwa wanakunja maturubai. Mama mmoja anayeokota chupa ndiye aliyempigia makofi. Alinikataza nisikuambie, alisema utajisikia vibaya. Lakini mtani hazuiwi msibani."

Nililia siku hiyo mpaka nikamwagiwa maji. Watu walidhani namlilia marehemu tu. Nilikuwa nalilia pia mlango wetu wa Ihumwa, na wewe umeushika kwa mikono miwili.

Arobaini ilipopita, Juni ikafika. Nilipika ugali wa uwele, mlenda na kuku. Nikaitoa hotipoti ya kijani na karatasi yake juu ya mfuniko, tukaenda Hombolo na wanao, Abeli akiendesha. Nilibeba na kiti cha nyumbani. Nikakiweka kwenye utepe wa kumalizia asubuhi, nikakaa. Majirani wa pale Hombolo walinitazama kwa huruma, wakidhani msiba umenichanganya.

Walipita wenye mbio, wakapita wa katikati, wakapita waliokuwa wanatembea. Saa tisa na nusu spika ikazimwa. Utepe ukakunjwa. Petro alikuja akasema, "Mama, wamekwisha." Nikamwambia akae. Abeli naye akakaa chini, akaanza kuchonga kijiti. Maturubai yakashuka, upepo ukaanza kuokota makaratasi, na sisi wanne tukabaki na kiti kimoja na hotipoti.

Saa kumi na dakika ishirini akatokea mtu barabarani. Alikuwa binti, mwanafunzi wa chuo cha pale Hombolo. Kifuani alikuwa na pini nne bila namba, na mguu mmoja alikuwa anauburuta. Alipoona uwanja mtupu alipunguza mwendo, kama anayetaka kukata kona aende zake. Edina na Petro wakasimama wakapiga makofi. Abeli akapiga mluzi wa wachungaji. Mimi nikamwendea, nikamshika mabega.

"Pole, mwanangu. Pole na safari. Umefika."

Alianza kulia hapo hapo. Nikamkalisha kwenye kiti, Petro akammiminia maji mikononi, nikamwekea hotipoti mapajani. Alisema anaitwa Restuta, na kwamba kwao hakuna aliyejua kwamba ameshiriki. Aliweka mkono kwenye mfuniko, kisha akauondoa, akasoma karatasi.

"Mama, imeandikwa ifunguliwe nikishamaliza. Huyu S.M. bado hajafika?"

"Alishafika, mwanangu, mwaka jana," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyechelewa. Fungua, ule."

Alikula kuku wote, Baba Edina, na mlenda akaukomba kwa kidole. Ungempenda. Hotipoti nimeiosha mwenyewe, sikuilowesha karatasi, ipo kabatini inasubiri Juni nyingine.

Tutakuombea nyumbani Hombolo Jumapili hii, baada ya ibada ya asubuhi. Habibu ametuma salamu kwamba anakuja na ile miwani yako. Tumemwambia aje nayo.

Unakumbukwa na mkeo Zipora. Wanao Edina na Petro. Kaka yako Abeli na nyumba yake yote. Mkweo, ambaye hadi leo anasimama barabarani baiskeli zikipita. Wambura na wenzako wa masijala. Mtani wako Habibu. Na binti yetu mpya, Restuta, ambaye hakuwahi kukuona.

Pole na safari, mume wangu. Umefika, na tumekuona.

Siku zote tutakukumbuka, na turubai hatutalikunja mapema.