Dawa ya Magoti Niliyokuletea

Mama,

Nimekaa kwenye kile kiti chako cha kusukumia chapati. Kibanda sijafungua, na tembe ya presha iko mkononi. Nilisema nikuambie kwanza kabla sijaimeza. Wewe ndiwe niliyezoea kukuambia mambo, hata yale ya kuchapwa.

Tangu tukuzike kule Chakol, hapa Malaba mpakani napika mimi. Madereva wa malori bado wanauliza, "Yule mama wa chapati laini yuko wapi?" Nikiwaambia, wanavua kofia, halafu wanakula zangu kwa adabu tu. Ni ngumu, najua. Usinicheke.

Siku ya mazishi Mama Mdogo alisimama mbele ya watu akasema, "Ni hizo dawa za presha zilimmaliza figo." Wote wakaitikia. Nami nikaamini, kwa sababu nilikuwa natafuta wa kulaumu. Kwa hivyo nilipopimwa kliniki nikaambiwa nina presha kama yako, nilipokea dawa, nikasema asante, nikaenda kuzificha kwenye mkebe wa majani chai. Nilijiambia heri kichwa kiniume kuliko nife kwa figo.

Juzi kichwa kikanishinda. Nikarudi kliniki na huu mdomo wangu unaoujua. "Sista, dawa zenu zilimuua mama yangu!" Hakukasirika. Aliniuliza kama kulikuwa na kitu kingine ulichokuwa unameza. Nikasema hakuna. Halafu nikakumbuka magoti yako, nikamweleza.

Ulikuwa ukisimama tangu alfajiri, jioni yamevimba, unaniita, "Amoit, vuka mpaka uniletee zile dawa za ng'ambo, za huku ni maji tu." Navuka mbio. Na huko nawakuta wenyeji wakijiandaa kuja kununua zetu, wakiapa za Kenya ndizo kali. Tulicheka hilo mpaka ukashika mbavu.

Sista alinichorea figo kwenye karatasi. Alisema ni kama yadi ya malori, ina geti la kuingia na geti la kutoka. Damu inaingia, inachujwa, inatoka. Presha ikipanda, damu inasukumana humo ndani mpaka kichujio kinaumia. Ile dawa uliyopewa ilikuwa inalegeza geti la kutoka, msukumo upungue, figo ipumue. Ilikuwa inakulinda, Mama! Lakini ile ya magoti inabana geti la kuingia. Halafu ikaja ile wiki uliyoharisha, maji yakakuishia mwilini, na bado ukawa unameza zote mbili kwa sababu hukutaka kufunga kibanda. Damu ya kuingia ikawa kidogo, na ile kidogo haina nguvu ya kuchujwa. Ndiyo maana mkojo ulikatika. Ndiyo maana ulivimba uso, nami nikadhani umenenepa.

Hukuwahi kumwambia sista juu ya magoti. Mimi pia sikusema wakati ule. Kwetu dawa ya maumivu tunaichukulia kama chumvi, jirani akiomba mbili unampa.

Mama, ni mimi nilizileta. Ni huu mkono. Nililia kwenye benchi la kliniki mpaka watu wa foleni wakageuka. Sista akaniletea maji, akasema, "Mlikuwa hamjui, dada." Ni kweli hatukujua. Lakini nisamehe tu.

Alinitoa damu. Figo zangu ziko sawa. Amesema nimeze kila siku na nirudi nipimwe tena, na siku nikiharisha au kutapika nisijifanye shujaa, niende niulize kwanza. Na dawa ya magoti nisiiguse bila kumwambia.

Jumapili naenda kwa Mama Mdogo kumweleza. Atanifokea, halafu atanipikia. Yeye pia ana ile pakiti ya ng'ambo ndani ya mkoba, na hiyo sitoki kwake bila kuichukua. Na kila mama atakayeketi hapa akishika goti, nakuahidi nitamuuliza anameza nini kabla sijamuuliza anakula nini.

Chai iko tayari. Nimejimiminia kikombe chako, kile kilichovunjika mkono.

Nimemeza, Mama.

Pumzika. Kesho pia nitameza.

Binti yako,
Amoit