Makofi Mawili Ubavuni mwa Karavani

Kumbukumbu ya Glenys Rowett, Broken Hill

Mwaka umetimia, Glenys, tangu asubuhi ile ya Agosti moyo wako uliposimama, birika likiwa bado motoni na karavani, ile nyumba yetu ya kukokotwa na gari, imeshapakiwa uani. Zilikuwa zimebaki siku tatu tuondoke. Orodha ya safari ilikuwa kwenye mlango wa friji, kwa mwandiko wako, hifadhi nne za nyikani: Gundabooka, Currawinya, Welford, Diamantina. Chini ya Diamantina ulipiga mstari mara mbili, maana huko ulitaka kuwaona mwari, wale ndege wa midomo mirefu, wakiogelea katikati ya jangwa. Karatasi ile sikuthubutu kuibandua.

Miaka ishirini na sita uliwauguza watu wa mji huu, na wengi wakinikuta dukani bado hunishika mkono. Lakini sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi barabarani. Hukuwahi kuniruhusu nilipite gari lililosimama. "Murray, simama," ulikuwa ukisema hata kabla sijaliona. Unashusha kioo: "Mko sawa? Maji mnayo?" Siku moja tulipoteza saa nzima kwa ajili ya wazee wawili ambao, kumbe, walikuwa wanakunywa chai yao tu. Nikanung'unika. Ukaniambia, "Huku hatuachi mtu, Murray. Nung'unika, lakini simama."

Ulipenda chai nyeusi kama lami. Uliimba vibaya, na kwa sauti kubwa.

Kila asubuhi ya kung'oa kambi ulikuwa na kazi yako. Mimi nikiwa nimekaa kwenye usukani, wewe uliizunguka karavani ukigusa kila kitu kwa mkono: ngazi, gesi, minyororo, kidirisha cha paa. Ukimaliza unapiga makofi mawili ubavuni, nami najua tuko tayari. Kisha ukiunyoosha mkono kushika mlango wa gari, nasogeza mbele hatua kumi. Miaka kumi na tisa, utani uleule. "Wewe mzee mjinga! Siku moja nitabaki hapa hapa na kangaruu, utajipikia mwenyewe!" Kerryn, binti yetu, alikuwa akicheka kwenye kiti cha nyuma mpaka anapaliwa.

Mwezi uliopita Kerryn alikuja akaibandua karatasi yako. "Baba, twende," akasema. "Mwaka mzima unakula umesimama kama farasi." Ilikuwa kweli. Meza yetu ina viti viwili, na sikuweza kukaa kwenye kimoja nikitazama cha pili.

Gundabooka, kituo chetu cha kwanza, niliondoka bila kuizunguka karavani. Kerryn aliniuliza kama nimekagua, nikamwambia ndiyo, nikamdanganya. Kidirisha cha paa kilibaki wazi, na barabara yote ile ni vumbi. Tulipofungua mlango kule Currawinya, vumbi jekundu lilikuwa limetanda kila mahali, hata juu ya mto wa kulalia, upande wako. Kerryn akachukua kitambaa.

"Upande huo uache," nikamwambia.

"Baba, ni vumbi."

"Uache."

Nikalala kando ya vumbi lile.

Welford ndipo nilipokwama. Nilikaa kwenye usukani, injini inanguruma, siondoki. Nilikuwa nasubiri makofi. Nilijua hakuna wa kuyapiga, na bado nilisubiri. Hata nilishuka nikayapiga mwenyewe, nikarudi kwenye kiti, ikawa kazi bure, kwa sababu wa kuyasikia alikuwa nje akiyapiga.

"Tukigeuza leo hakuna atakayetulaumu," Kerryn alisema taratibu.

"Mama yako atanilaumu."

"Basi nipe ufunguo, mzee. Wewe shika kazi ya mama."

Nikashuka. Nikagusa ngazi, gesi, minyororo. Nikapanda juu ya ndoo nikahakikisha kidirisha cha paa kimefungwa. Huko nyuma, Glenys, kuna ukimya ambao sikuwahi kuujua. Unaona mgongo wa karavani tu, na nyika nyekundu isiyo na mtu mpaka macho yanachoka. Miaka yote hiyo ulisimama hapo peke yako, nami nimekaa kwenye kiti laini nikitafuta stesheni ya redio. Nikapiga makofi mawili. Nikaunyoosha mkono kushika mlango.

Kerryn akasogeza gari hatua kumi.

Alikuwa anacheka dirishani huku machozi yanamtoka. "Siku moja utabaki hapa na kangaruu!" Nilitaka kumtukana kama ulivyokuwa ukinitukana, nikaishia kulifuata gari. Zile hatua kumi, hata ukijua ni mzaha, moyo unakupiga paa. Unaliona gari linakwenda, na wewe umebaki.

Mwari wapo Diamantina, Glenys. Tuliwakuta jioni ileile, weupe, wengi, wakielea kwenye maji ya kahawia kana kwamba bahari iko jirani. Kerryn aliibandika karatasi yako dirishani, imeangalia maji. Nilikaa kwenye kiti chako cha kukunja nikakuomba msamaha kwa kila asubuhi niliyokusogezea gari. Lakini mimi nilikuwa nikisimama baada ya hatua kumi. Wewe hujasimama.

Unakumbukwa na mumeo Murray, ambaye sasa anakagua kidirisha cha paa mara mbili, binti yako Kerryn, anayeendesha kwa kasi kuliko ulivyopenda, dada yako Lorna wa Mildura, wauguzi wenzako, na wasafiri wengi ambao hukuwajua majina, uliowaachia maji barabarani.

Huku hatuachi mtu, ulisema. Nasi hatukuachi, Glenys, siku zote.