Mlevi na Mtawa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wanao, na Mungu ajalie zikukute umeweza angalau kula na kupata usingizi. Najua haifai kumuuliza mtu aliyezika mume wiki tano zilizopita kama hajambo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kumwandikia mtu bila kumjulia hali ni utovu wa adabu. Basi hujambo? Kifua cha mdogo wao kimepoa? Binti yako mkubwa amerudi shuleni? Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma huko mbele.

Utashangaa nimeandika ilhali simu ninayo na namba yako iko kichwani. Wiki hii nimekupigia mara tatu. Mara zote tatu umenishukuru kwa jinsi nilivyohangaika na msiba, nami nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi hutaweza kunikatiza kwa shukrani.

Juzi umeniambia kampuni imekuletea fomu ya kusaini, na kwamba mtu wao atakuja kuichukua Jumatatu. Umenisomea mwenyewe ile sehemu inayosema ajali ilisababishwa na uzembe wa dereva. Ukaniambia umechoka, utasaini ili yaishe, maana aliyekufa hafufuki kwa kubishana. Nakuomba kitu kimoja. Isome barua hii mpaka mwisho kabla hujashika kalamu.

Acha nianzie mbali kidogo, maana wewe hukuwapo karakana na hadithi zetu za magari zilikuwa zikikuchosha. Mwaka jana kampuni yetu ya visima ilitaka kununua pikapu kubwa za kuvuta tela, zile zinazopeleka mashine na mabomba huko milimani. Wauzaji walituachia mbili tuzijaribu. Moja ilikuwa na injini kubwa ya silinda nane, ukiiwasha madirisha ya ofisi yanatetemeka. Ya pili ilikuwa na umbo lilelile na urefu uleule, ila injini yake ni ndogo, silinda nne zinazosaidiwa na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa. Madereva hawakukawia kuzibatiza. Ya kwanza wakaiita Mlevi, kwa sababu haikupita kituo cha mafuta bila kusimama. Ya pili wakaiita Mtawa.

Shemeji, mumeo, alikuwa upande wa Mlevi tangu siku ya kwanza. Alisema gari la kuvuta mzigo mlimani lazima libaki na nguvu ya akiba, kwamba dereva asifike mahali akakanyaga mafuta hadi mwisho na gari likawa halina tena cha kumpa. Mimi nilikuwa upande wa Mtawa. Tulitaniana kwa hilo mpaka mzee wa stoo akatuuliza kama tunabishania magari au wachumba. Meneja yeye hakuwa na utani. Alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba gharama ya mafuta inaiua kampuni, na kwamba fundi mkuu akistaafu, nafasi yake atapewa fundi atakayeonyesha njia ya kuipunguza. Wakati anasema aliniangalia mimi.

Kazi ya kuzilinganisha nilipewa mimi, na naomba uelewe tulivyoifanya, kwa sababu kosa liko humo. Tulitaka kila kitu kifanane. Dereva ni huyohuyo, Shemeji. Njia ni hiyohiyo, kilomita mia moja na ishirini kwenda na kurudi, ikiwa na ule mlima wa kona sita njiani. Upepo wa matairi sawa. Tangi la mafuta tulilijaza mpaka shingoni kwenye pampu ileile, na tukirudi tunajaza tena mpaka shingoni, basi kilichoingia ndicho kilichonywewa. Kwa mzigo tulitumia maji. Tulifunga juu ya tela simtanki la lita elfu tatu, maana maji huwezi kubishana nayo, lita ni kilo. Nilijiona mjanja sana kwa wazo hilo.

Siku ya kwanza tukaenda na Mlevi. Alipanda zile kona sita huku Shemeji akiimba. Tuliporudi akanywa lita ishirini na sita, na mhudumu wa pampu akatuuliza kama tangi limetoboka. Jioni hiyo nilifungua koki ya chini ya simtanki nikamwaga maji yote uani, ili tela lisilale na mzigo.

Siku ya pili asubuhi nikalijaza upya, tukaondoka na Mtawa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa imelowa. Shemeji aliendesha kwa mashaka, mpaka tukafika mlimani. Mtawa akapanda. Hakupanda kwa mbwembwe kama mwenzake, lakini alipanda, kona ya kwanza mpaka ya sita, bila kuhema sana. Tulipofika juu Shemeji akasimamisha, akacheka, akasema leo anayafuta maneno yake yote, na kwamba akifika nyumbani atakupigia simu akueleze jinsi mdogo wako alivyomshinda. Nadhani alikupigia kweli.

Mimi nilishuka kukagua kamba. Nikazunguka nyuma ya tela, nikakuta koki inamwaga.

Nilikuwa sikuifunga sawasawa. Maji yalikuwa yakitoka tangu uani, kilomita hamsini, na kwa sababu barabara ilikuwa imelowa hakuna aliyeona. Niligonga simtanki kwa ngumi, likalia tupu mpaka chini ya nusu. Mzigo uliopanda mlima ule haukufika nusu ya mzigo wa jana yake.

Dada, ningeweza kusema pale pale. Shemeji alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, amefungua mlango, anakunywa maji. Ningemwambia tumefanya upuuzi, turudi, kesho tuanze upya, naye angenicheka mwezi mzima na mambo yangeishia hapo. Badala yake niliikaza koki kwa nguvu zangu zote, nikafuta mikono kwenye suruali, nikapanda garini. Nilijiambia kwamba siku mbili tulizopewa zimekwisha, na meneja anasubiri majibu saa tisa. Nilijiambia pia kwamba hata mzigo ungekuwa kamili, Mtawa bado angekunywa kidogo kuliko Mlevi, na hilo ni kweli. Lakini hatukuulizwa habari ya kunywa peke yake. Tuliulizwa habari ya nguvu pia.

Tuliporudi Mtawa akanywa lita kumi na tano. Nikaandika ripoti. Kwenye sehemu ya mafuta nikaweka lita zilivyo. Kwenye sehemu ya nguvu nikaandika kwamba gari limepanda mlima bila shida likiwa na mzigo kamili. Shemeji akasaini kama dereva chini ya saini yangu, bila kusoma, kwa sababu aliyeandika ni shemeji yake.

Kampuni ikanunua Mtawa watano. Mlevi mmoja akabaki kwetu kama gari la akiba, ameegeshwa nyuma ya karakana, na ufunguo wake nikakabidhiwa mimi. Miezi miwili baadaye nikawa fundi mkuu. Ulinitumia salamu za pongezi, ukasema marehemu baba angefurahi. Salamu hizo niliziweka kwenye simu, na sijawahi kuzifungua tena.

Ukweli ni kwamba Mtawa si gari baya. Kwenye tambarare hana mpinzani, na kwa mzigo wa kawaida mlima anaupanda. Shida yake ni mzigo mzito kwenye kona ya nne na ya tano, pale panapochongoka. Madereva walianza kulalamika mapema. Shemeji alikuja karakana mara nne kuniambia kwamba gari linakata pumzi pale juu, na kwamba haelewi, maana siku ya majaribio lilipanda vizuri. Mara ya kwanza nilibadilisha plagi. Mara ya pili nikasafisha chujio la hewa. Nilijua hakuna nilichokuwa nikitengeneza. Mara ya tatu na ya nne nilimtania mbele ya wenzake, nikasema amezoea kelele za Mlevi, sasa akiendesha gari lenye adabu anadhani linaumwa. Watu wakacheka. Naye akacheka, unamjua, hakuwa mtu wa kinyongo.

Siku ile ya ajali nawe unaijua habari yake kwa jinsi walivyokusimulia: kwamba alichelewa kupunguza gia, injini ikazima kona ya tano, gari likarudi nyuma na tela likalivuta bondeni. Kuzima, ilizima kweli. Injini ikizima, breki huwa ngumu kama kukanyaga ukuta, na tela la tani tatu halisubiri. Nimeikagua gia ile kwa mikono yangu siku walipolivuta gari juu. Ilikuwa gia ya kwanza, dada. Hakuchelewa chochote. Alikuwa kwenye gia ya chini kabisa, hakuwa na nyingine ya kushukia, na mguu wake ulikuwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, maana waya wa mafuta ulikuwa umevutika hivyo ukaganda. Nilimweleza hilo meneja kwa mdomo, akasema gari limejaribiwa na kuthibitishwa kwa mzigo huohuo, na ripoti ipo, na ina saini ya dereva mwenyewe. Akaifungua mezani akanionyesha mwandiko wangu. Nikarudi karakana.

Siku ya mazishi, wakati watu wanatawanyika, binti yako mkubwa alinivuta mkono kando. Aliniuliza kama ni kweli baba yake alikuwa mzembe, kwa sababu mtoto mmoja shuleni amemwambia hivyo, na yeye amemjibu kwamba atamuuliza mjomba, mjomba ni fundi, mjomba anajua. Nilimwambia magari ni magumu kuyaelewa. Aliniangalia, akaachia mkono wangu, akaenda kukaa na wenzake. Tangu siku hiyo sijawa na amani hata ya kunywa chai.

Lakini hata hilo si lote, na hili lililobaki ndilo lililonifanya nichane barua mbili kabla ya hii.

Asubuhi ya siku aliyokufa alikuja ofisini kwangu kabla ya kupakia. Siku hiyo mzigo ulikuwa kompresa, mashine ya kusukuma hewa kisimani, ule mzito kuliko yote. Hakuja kugombana. Alivua kofia, akakaa, akaniomba nimpe ufunguo wa Mlevi kwa safari hiyo moja tu. Alisema hana raha na kona zile, kwamba usiku kucha ameifikiria kona ya tano, na kwamba akirudi salama nitamcheka nitakavyo. Nikiwa fundi mkuu ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwangu, sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilihitaji tu kuandika kwenye kitabu sababu ya kutumia gari la akiba. Na sababu ingekuwa kwamba Mtawa hawezi mzigo kamili mlimani, na meneja angesoma, na angeuliza mbona ripoti inasema vingine.

Nilimwambia Mlevi ana hitilafu ya breki. Hakuwa nayo. Nilimwambia gari lake halina ubaya, ubaya ni woga. Alivaa kofia, akaniambia nikusalimie nikikupigia, maana simu yake ilikuwa haina chaji. Nilikupigia mchana ule, lakini kwa habari nyingine, na salamu zake sikukupa. Nakupa leo.

Jana saa nne asubuhi nilikwenda kwa afisa anayechunguza ajali, si yule wa kampuni, yule wa serikali. Nimemwandikia maelezo yangu kurasa sita, koki na ripoti na ufunguo, vyote, na nimemwachia daftari langu la majaribio. Nimemwambia pia kuhusu gia ya kwanza na ule waya wa mafuta. Ameniuliza kama nafahamu kwamba naweza kushtakiwa, nikasema nafahamu. Kisha nilikwenda kwa meneja nikamwambia nilikotoka. Alinitaka niache funguo zote mezani. Madereva wanne waliobaki na Mtawa wameambiwa wasipande mlima mpaka uchunguzi uishe. Hilo moja nimelifanya, likiwa limechelewa wiki tano.

Kwa hiyo, dada, usisaini. Mtu wao akija Jumatatu mwambie akamuulize afisa. Mumeo alikuwa dereva mzuri kuliko wote niliowahi kukaa nao garini, aliliogopa lile gari kwa haki, na aliyempandisha mle ni mimi.

Siombi unisamehe kwa barua hii. Hata simu sitakupigia, nitasubiri wewe upige, na usipopiga nitaelewa. Naomba tu umwambie binti yako kwamba mjomba alidanganya pale makaburini, na kwamba jibu la swali lake ni hapana. Au niambie nije nimwambie mwenyewe, nitakuja kwa miguu ikibidi, akiwa bado anakubali kuniona.

Nisalimie watoto wote, na mama mkwe wako umpe pole zangu. Jikaze ule, hata kidogo. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
aliyekuwa fundi mkuu.