Maharage ya Mama Veronika

Jumatatu, 3 Oktoba 1966
Chai bila sukari, kisha mezani. Bado namwandikia mashtaka jirani yangu Mama Veronika, mjane. Ng'ombe wa Papa Anselme wamekanyaga maharage yake yote, na Anselme anaapa kwamba hawajawahi kufika hapo. Mwongo. Mahakimu wa chifu wameahidi kuja hapa Kirolirwe kujionea. Nimemwambia Mama Veronika asiguse udongo mpaka waje. Madhara lazima yaonekane.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimefungua kamusi ya Kiingereza niliyopewa na mmisionari kule Walikale. Natafuta neno la kumpiga Anselme kama jiwe mbele ya mahakimu. Nimepata neno la kale, scathe. Maana yake madhara. Kamusi inasema lilitoka kwa mabaharia wa kaskazini, wale waliovuka bahari kupora. Waflama wa Ubelgiji wanalo ndugu yake, schade. Bwana Mflama wa plantation ya kwinini alitupigia kelele neno hilo kila mche ulipovunjika. Kwa madhara yake alikuwa na neno. Yetu hakuyaona.
Waingereza wenyewe wameliacha neno lao life. Limebaki ndani ya unscathed, yule aliyetoka salama, na scathing, ulimi unaochoma. Aliyeumia hana lake. Nimeandika hadi mkono ukakakamaa. Hotuba nitakayowasomea mahakimu ni nzuri sana.

Jumamosi, 8 Oktoba
Mahakimu hawajaja. Mvua safi. Kilima kizima kinapanda isipokuwa shamba moja. Mama Veronika amekuja na jembe begani.
"Papa, mvua haingojee tribinali. Batoto watakula karatasi yako?"
Nimefoka. Akilima, ushahidi umekwisha! Ameondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Oktoba
Sikwenda misa. Nilitaka shamba lake libaki jeraha ili maneno yangu yapate nguvu. Hasira yangu ilikuwa inashiba kwa njaa ya watoto wake. Aibu.

Jumatatu, 10 Oktoba
Tumepanda pamoja tangu alfajiri. Mgongo umekufa. Sasa hakuna cha kuonyesha. Nitapigana hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Oktoba
Wamefika leo! Wamekuta mistari ya kijani. Anselme akacheka mbele ya watu wote.
"Madhara iko wapi? Mimi naona maharage tu."
Nikakohoa, tayari kuanza na mabaharia. Mama Veronika akanitangulia.
"Leta ngombe zako tena, Papa, utaiona."
Watu wakaangua kicheko. Anselme akawaka.
"Zilipita mara moja tu, mama!"
Hakimu mkuu akamtazama.
"Kumbe zilipita."
Hukumu ikatolewa palepale. Anselme ajenge ua wa kuzuia ng'ombe hadi kijitoni, na amlishe mama na watoto mpaka mavuno. Hotuba yangu haikutoka mfukoni. Nimeumia kidogo, sifichi.

Jumapili, 30 Oktoba
Ukungu. Wachungaji wa Anselme walichimba mashimo ya nguzo jana hadi jioni. Mama Veronika alikataa mstari wao uliomega shamba lake, wakafukia, wakaanza upya hatua chache nje zaidi. Baada ya misa nimepita huko. Majani ya maharage yamefunika udongo. Nimeng'oa magugu machache pembeni, nikarudi nyumbani.