Mama wa Mzee Ndahani

Jumatano, Chang'ombe

Waraka mwingine wa bima umeletwa mezani kwangu, ofisi ya utumishi. Ule wa mwezi uliopita sijamaliza hata kuwaelewesha watu, na huu unasema mzazi atatibiwa kwa kadi ya mfanyakazi ikiwa tu jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mfanyakazi huyo.

Nikamwita Mzee Ndahani, mlinzi wetu wa kiwandani. Mama aliyemwandikisha ni mama yake mdogo, yuko Buigiri, ndiye aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Kwetu huyo ni mama na hakuna anayeuliza. Waraka unauliza.

"Na dawa zake za presha?" aliuliza nilipomsomea.

Nikamwambia kadi itafungwa mwisho wa mwezi. Nilisema kama mtu anayesoma tangazo. Afadhali angegomba.

"Sawa, mwanangu. Wewe umetumwa tu."

Sikuhisi kitu. Nimerudi, nimekula, nimepiga pasi sare za watoto.

Jioni mama mkubwa, aliyenilea mimi, amepiga simu kutoka Chamwino. Kliniki yake ya sukari ni wiki ijayo, mwezi ukishaisha, anauliza kama aje na kadi niliyomwandikishia kazini.

Nimemwambia aje kesho, kadi bado inasoma.