Siku Niliyomdanganya Faustin

Jumatatu, 4 Septemba
Nimefungua kibanda, vitenge vimepangwa. Wateja wawili tu, waliovuka mpaka kutoka Bukavu. Akili yangu iko nyumbani, Gihundwe. Faustin, mdogo wangu, siku ya nne leo halali. Dawa ameziacha tangu mwezi uliopita. Anasema redio za majirani zinataja jina lake. Nyingi kati ya redio hizo amezitengeneza yeye mwenyewe, ndiyo kazi yake.

Jumatano, 6 Septemba
Ameingia kwa jirani akavunja redio kwa nyundo. Hakumgusa mtu.
Mama anataka tumrudishe kwenye chumba cha maombi, kule kanisani. Nimekataa. Miaka mitano iliyopita watu wa kanisa walimfunga huko kwa mnyororo, wiki tatu. Mimi nilikuwa nikimpelekea uji. Niliona kidonda kwenye kifundo cha mguu, nikanyamaza. Alipotoka nikamwapia kwamba hakuna atakayemshika tena kwa nguvu.

Alhamisi, 7 Septemba
Nimekwenda hospitali, nikaonana na muuguzi wa wagonjwa wa akili, Papa Emile. Kitanda kipo. Faustin akikataa, ndugu atie sahihi. Nikauliza kama ni haki kumlaza mtu asiyetaka. Akasema wakati mwingine ndiyo, lakini hajawahi kulizoea jambo hilo. Alipoanza kazi, wakubwa wake walikuwa wakiwafunga watu vitandani kwa kamba, na kuita hayo matibabu. Yeye pia aliwafunga.
Nimerudi na hasira. Sijui ni kwa nani.

Ijumaa, 8 Septemba
Asubuhi Faustin alisimama katikati ya barabara ya uwanja wa ndege. Lori nusura limgonge.
Nikamwambia redio ya hospitali imekufa, wanatafuta fundi. Alifurahi. Akavaa shati safi, akachukua mfuko wa vifaa. Tukapanda moto mbili, pikipiki za abiria, yeye mbele. Mlangoni akaelewa. Wanaume wanne wa hospitali wakamlaza chini. Sindano.
“Dada, ulisema nini?” Aliuliza mara moja tu.
Nikatia sahihi. Sikusita. Hilo linanitisha.

Jumapili, 10 Septemba
Sikwenda kanisani. Mama hasemi nami. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Nimetoka, nimerudi, nimetoka tena. Angekuwa amekufa barabarani. Najiambia hivyo kila saa, na bado situlii.

Jumatano, 13 Septemba
Wameniruhusu kumwona. Amegeukia ukuta. Mikono inamtetemeka kwa dawa. Nikaacha ndizi mezani.

Jumanne, 26 Septemba
Analala sasa. Anakula. Leo amenitazama, akasema taratibu:
“Kunishika, nitasamehe. Nilikuwa mugonjwa, najua. Lakini ulinidanganya, dada. Batu ba kanisa habakunidanganya. Balikuja na munyororo, nikauona.”
Nikaomba msamaha. Nilitaka aniambie kwamba nilimwokoa. Aibu.

Alhamisi, 28 Septemba
Sokoni nimekata kitenge vibaya mara mbili. Nimemweleza Papa Emile maneno ya Faustin. Akasema: “Sasa ana akili yake. Mumuulize sasa anataka nini akiugua tena.” Hatukuwahi kumuuliza. Hata mara moja.

Jumamosi, 30 Septemba
Tulikaa watatu kwenye benchi nje ya wodi. Papa Emile alileta karatasi. Faustin akasema, nami nikaandika. Akiugua tena aambiwe ukweli kwanza, hata kama atakasirika. Aje Papa Emile mwenyewe. Chumba cha maombi, hapana. Hiyo dawa inayomtetemesha ibadilishwe kama inawezekana. Papa Emile akasema atamuuliza daktari, hawezi kuahidi.
“Na ukikataa kabisa?” nikauliza.
Faustin akagusa kifundo cha mguu.
“Munishike,” akasema. “Bawili banatosha.”
Nikaandika hivyo hivyo. Aliomba nimsomee tangu mwanzo. Nikasoma. Mvua ndogo ilianza, na hakuna aliyeinuka.
Nikamuuliza kama nije kesho.
“Uje,” akasema. “Lakini usibebe ndizi. Nimezichoka.”