Ukungu wa Asubuhi Machoni mwa Mama Mkasi

Mpendwa mshauri, uniwie radhi nimechelewa sana kukuandikia, kila nikishika kalamu huyu mchanga analia. Naomba msaada kuhusu mama mkwe wangu, fundi cherehani, wateja humwita Mama Mkasi. Ana presha ya macho na pembeni haoni tena, lakini ukimwona akikata gauni utasema ana macho vidoleni, mimi alinishonea gauni la ujauzito bila kunipima, alinikumbatia tu, na likanikaa. Siku hizi akiamka anaona ukungu, na taa imezungukwa na duara la rangi rangi, ikifika mchana ukungu unatoweka, basi vitambaa anakata mchana na asubuhi anashona pindo kwa kupapasa, hakuna mteja aliyegundua. Shida ni kwamba ameamua ukungu unaletwa na matone anayotia kabla ya kulala, ameyaacha, na kliniki anakwenda alasiri, ukungu ukiwa umeshatoweka. Nilipomuuliza akacheka: "We mkwe, dawa gani inakulaza unaona, inakuamsha huoni? Na mwanangu asijue, atanifungia cherehani!" Nikaapa. Naomba unitumie jibu kama kosa ni la dawa, maneno ya kumwambia bila kumvunjia heshima, na ruhusa ya kuvunja kiapo. Basi.

Jibu: Binti yangu, pole kwa uchovu, na huyo mama mpe heko zangu, fundi hasa! Lakini wewe umeibembeleza siri hii kama mtoto wa pili, hapo umekosea. Mbele ya jicho kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna utando mwembamba unaosukuma maji yatoke. Presha ikipanda utando unazidiwa, kioo kinavimba maji na kufifia kama dirisha la jikoni. Ukilala jicho limefumba, maji hayakauki. Ukishinda macho wazi yanapungua. Kwa hiyo huenda ukungu ni presha yenyewe, si matone. Zipo dawa zinazokausha na kuwasha kioo, kweli, ila anayebadilisha ni daktari. Kioo kina tiba. Lakini mshipa wa nyuma ya jicho, unaopeleka picha kwenye ubongo, ukiuawa na presha haurudi.

Kiapo kivunje leo, mwambie mumeo mbele ya mama mwenyewe, si mgongoni. Na mama mwambie, "Mama, mjukuu wako atataka sare ya shule, na nataka umwone akiivaa." Usiku huu arudie matone kama alivyoandikiwa. Kesho mumeo abaki na mtoto, wewe mshike mama mkono mwende kliniki asubuhi, si alasiri, ukungu ukiwa bado upo, daktari auone. Jicho likiuma au likiwa jekundu, msingoje kesho. Na mumeo mwambie nimesema mimi: cherehani asiiguse.